Maneno Mawili ya Kichina

Mmeuliza wiki hii: katika filamu za Japani na Korea, mapenzi ya watu wa mataifa mawili yanaaminika, au ni mapambo ya kuvutia watazamaji? Mengi ni mapambo. Lakini nina kipimo changu ambacho hakijaniangusha sana: naangalia ni nani kati ya wale wawili anayehangaika na lugha ya mwenzake.

Kipimo hicho nilikipata kwenye Late Autumn, filamu ya mwaka 2010 ya mwongozaji Mkorea Kim Tae-yong. Anna ni Mchina anayetumikia kifungo Marekani kwa kumuua mumewe. Mama yake anafariki, na gereza linampa saa 72 aende mazikoni. Kwenye basi la kwenda Seattle anadandia kijana wa Kikorea, Hoon, hana hata nauli. Anamkopa Anna dola 30 na kumwachia saa yake ya mkononi iwe rehani. Wanazungumza Kiingereza, ambacho si cha nyumbani kwa yeyote kati yao, na wote wawili wanakitumia kwa uchache, kama mtu anayehesabu akiba.

Kisha unafika wakati Anna anataka kusema yote: mume, mauaji, mwanamume aliyempenda kabla ya hapo. Anayasema kwa Kichina. Hoon anajua maneno mawili tu ya Kichina, hao na huai, yaani nzuri na mbaya. Anna akituliza pumzi, Hoon anatupia moja, kwa kubahatisha. Anna anaendelea. Kila jibu lisilo mahali pake linamfungulia njia ya kusema zaidi. Tulipoitazama, mke wangu, ambaye ni Mhaya, alinipiga kofi la goti: "Huyu si wewe, ukiwa kwa mama?" Ni kweli. Kwa wakwe zangu nilikaa wiki nzima nikiishi kwa salamu na "asante", na mama mkwe akanieleza habari za maisha yake yote.

Baada ya mazishi, wafiwa wakiwa mezani, Hoon anapigana na yule mwanamume wa zamani wa Anna. Anaulizwa sababu. Anajibu kwamba jamaa ametumia uma wake. Upuuzi mtupu! Ila Anna anamgeukia yule mwanamume na kumfokea kwa machozi: kwa nini umetumia uma wa mwenzako? Ukoo mzima unadhani ugomvi ni wa uma. (Mwongozaji naye alikuja kumwoa Tang Wei, aliyeigiza Anna, mwaka 2014. Mkorea na Mchina. Sisemi kitu.)

Sasa geuza kipimo upande wa pili. Mwaka 1940, Japani ikiwa vitani China, ilitoka filamu ya Kijapani iitwayo Shina no Yoru. Baharia wa Kijapani anamwokota Shanghai binti wa Kichina aliyeumizwa na vita, mwenye chuki na Wajapani. Baharia anamzaba kibao, na kibao hicho ndicho kinachoamsha mapenzi ya binti. Maneno ya mahaba yanasemwa kwa Kijapani. Anayejifunza ni binti, anayeinama ni yeye, anayeomba radhi ni yeye, na watazamaji wa China waliona hayo kuwa ni tusi. Kinachochoma zaidi ni kwamba aliyeigiza binti huyo, akijulikana kwa jina la Kichina la Li Xianglan, alikuwa Mjapani, Yamaguchi Yoshiko, mzaliwa wa Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Vita vilipokwisha alishtakiwa China kwa usaliti. Kilichomwokoa ni hati za familia zilizothibitisha kuwa si Mchina, na asiye Mchina hawezi kuisaliti China.

Filamu ninayoiona kuwa imelimaliza somo hili ni Decision to Leave ya Mkorea Park Chan-wook, ya mwaka 2022, iliyompa tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes. Seo-rae, Mchina aliyeolewa Korea, anahojiwa na mpelelezi Hae-jun baada ya mumewe kuanguka mlimani na kufa. Anaeleza kuwa mume akienda milimani, yeye mke alikuwa na hofu kwamba hatimaye atakufa. Hebu jaribu kwa Kiswahili: "niliogopa hatimaye atakufa." Umesikia? Neno moja, na mjane anakuwa mshukiwa. Kikorea chake amekiokota kwenye tamthilia za kihistoria, na kikimwishia anaongea Kichina kwenye simu, simu inatafsiri kwa sauti isiyo na damu.

Kisha Hae-jun, ambaye keshampenda, anagundua kuwa Seo-rae ndiye aliyemuua mumewe. Kwa ajili yake anaficha ushahidi, anamwambia aitupe baharini simu yenye ushahidi huo, kwenye kina ambako hakuna atakayeiona, kisha anamwambia kuwa yeye, Hae-jun, ameporomoka kabisa. Anaondoka. Seo-rae anabaki peke yake, anatafuta maana ya "kuporomoka" kwenye kamusi. Baadaye anamkumbusha Hae-jun kwamba siku ile alimwambia anampenda. Hae-jun anashangaa: lini? Mwenye lugha ndiye asiyejua alichosema.

Nakiri kipimo changu kina tundu, na iliyolitoboa ni Go, filamu ya Kijapani ya Yukisada Isao ya mwaka 2001. Mvulana Sugihara na msichana Sakurai wote wamezaliwa Japani na wote wanaongea Kijapani kilekile. Ila ukoo wa Sugihara ni wa Kikorea, wa wale walioingia Japani enzi Japani ilipoitawala Korea, 1910 hadi 1945, na ambao mwaka 1952 walivuliwa uraia wa Kijapani. Wakiwa chumbani hotelini, Sugihara anamwambia asili yake. Sakurai anarudi nyuma. Baba yake alimfundisha kwamba damu ya Wakorea na Wachina ni chafu. Hapo utafsiri nini, na kila neno limeeleweka? Kumbe hata Sakurai alikuwa akificha jina lake la kwanza, kwa kuwa aliliona la Kijapani kupita kiasi.

Mwisho niwape ya kucheka. Kwenye Linda Linda Linda, ya mwaka 2005, mvulana wa Kijapani amempenda Son, mwanafunzi wa Kikorea anayeimba kwenye bendi ya wasichana. Amekariri tamko lake la mapenzi kwa Kikorea, anasimama mbele yake na kulitapika lote, jasho jembamba likimtoka. Kwa kipimo changu, alama mia. Son anamkataa kwa upole, kisha anarudi kwa wenzake. Onyesho lao limekaribia, na wimbo bado haujaiva.