Maswali ya Wasomaji: Binti Anataka Kuwa Fizio, Chuo cha Kanisa Kitamfikisha?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tuko Texas na familia, green card tunazo wote. Binti yetu mkubwa anamaliza high school, anasema anataka kuwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, na hataki kusikia kitu kingine. Amekubaliwa chuo kimoja kidogo cha Kikristo na kwenye barua wameandika pre-PT. Baba yake anajua akimaliza ile miaka minne anaanza kazi. Mchungaji wetu anasema aende hukohuko asije akapotea. Shemeji yangu anasema fizio ni masaji tu, bora awe nesi. Mimi ni CNA, msaidizi wa manesi, kwenye nursing home ya wazee, sina wa kumuuliza. Tufanyeje? – Mama wa Texas

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na baba watoto maana hapo ndo pana hela. Hapana, miaka minne haitoshi. Marekani hupewi leseni ya fizio kwa digrii ya kwanza, lazima uongeze nyingine inaitwa DPT, udaktari wa fizio, kwa kawaida ni miaka mitatu hivi, halafu mtihani wa taifa wa NPTE, ndo jimbo linakupa leseni. Tangu 2016 programu zote zinazotambuliwa za kuwafundisha fizio kule ziko ngazi hiyo. Sasa hiyo pre-PT siyo digrii jamani, ni mpango tu wa masomo ambayo shule za DPT zitataka kuyaona kwenye matokeo yake, digrii yenyewe inaweza kuwa ya biolojia, saikolojia, hata muziki akitaka.

Mwambie shemeji aje siku moja kazini kwako. Wewe unawaona wale wa rehab wanavyomsimamisha mzee aliyepigwa stroku, wanavyomrudisha mama wa watu kwenye ngazi baada ya kubadilishwa nyonga. Kama hiyo ni masaji basi nesi naye anagawa panadol tu.

Sasa chuo. Shule za DPT hazimpi mtu nafasi kwa sababu chuo chake kina msalaba getini, wala hazimnyimi. Zinaangalia GPA, yaani wastani wa gredi, na hasa GPA ya sayansi. Nyingi zinataka angalau 3.0 na wanaoingia huwa juu ya hapo. Masomo yenyewe kwa wastani ni anatomia na fiziolojia semesta mbili, kemia mbili, fizikia mbili, hayo yote na maabara yake, kisha biolojia, takwimu, saikolojia. Kila shule ina orodha yake, kwa hiyo achague tano au sita anazozipenda mapema aziweke orodha pembeni kwa pembeni. Wengi wanachukua meja, yaani somo kuu la digrii, ya sayansi ya mazoezi wakidhani ndo njia yenyewe, kumbe kwenye vyuo vingine meja hiyo haikulazimishi kusoma fizikia zote mbili, mtu anafika mwaka wa nne anajikuta anakimbizana na fizikia kiangazi.

Na hili mwambie leo asije akalisikia mwaka wa tatu: maombi mengi yanapitia mfumo mmoja unaitwa PTCAS, na PTCAS ukirudia somo wanahesabu gredi zote mbili, ile mbaya na ile nzuri, hata kama chuo chako kimefuta ile ya kwanza. Ukipata D ya kemia mwaka wa kwanza unatembea nayo. Ndo maana mimi siwapendi hawa wanaobebesha watoto kemia, anatomia na biolojia semesta ya kwanza ili wamalize haraka, haraka ya kwenda wapi?

Uzuri wa chuo kidogo cha Kikristo ni kwamba mwalimu wa anatomia atamjua kwa jina, na PTCAS wanataka barua za watu wanaokujua kweli, kwa kawaida mwalimu na fizio mwenye leseni. Chuo kikubwa chenye darasa la watu mia tatu barua hiyo utaitafuta kwa tochi. Ubaya ni kwamba somo linaweza kufundishwa mara moja tu kwa mwaka, akilikosa anasubiri. Halafu vingi vina masomo ya Biblia ya lazima na ibada za katikati ya wiki zinazohesabiwa, mtoto aulize ratiba zikigongana na maabara inakuwaje, na asome ile karatasi ya maadili kabla hajasaini, siyo baada.

Mkienda kutembelea chuo msiishie kuangalia kanisa na mabweni. Muulizeni advaiza wa pre-PT: miaka mitatu iliyopita wangapi waliomba DPT na wangapi walipata? Akianza kuzungukazunguka mmeshapata jibu. Muulizeni pia kama wana makubaliano na shule yoyote ya DPT, maana kuna vyuo mwanafunzi anasoma mitatu anaingia DPT moja kwa moja, mwaka mzima wa ada umeokoka. Na kama mnataka Ukristo hadi mwisho, DPT zipo: Hardin-Simmons iko Abilene hapohapo Texas, kuna Belmont, Harding, George Fox, Azusa Pacific, na za Waadventista Loma Linda na Andrews.

Kuhusu masaa ya kukaa na fizio kazini, hapa wewe mama ndo mtaji. Shule nyingi zinataka, idadi inatofautiana, na wanapenda aone sehemu zaidi ya moja. Muone mkuu wa rehab hapo kazini, muombe binti awe anakuja kuangalia, watamtaka chanjo, kipimo cha TB na kusaini karatasi za kutunza siri za wagonjwa. Masaa yasainiwe na fizio mwenyewe. Safari za misheni za kiangazi ni nzuri kwa roho lakini kubeba maboksi ya nguo Guatemala hakuhesabiki.

Hela sasa. Jazeni FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, mapema, kwa green card ana haki ya misaada ya serikali. Bei iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo binafsi isiwatishe wala isiwadanganye, subirini barua ya msaada muone kinachobaki. Ila deni la digrii ya kwanza liwe dogo kadri inavyowezekana, maana kwenye DPT ndo kuna deni lenyewe, na sheria ya 2025 imefunga mikopo ya Grad PLUS, ile ya serikali kwa wanaosoma baada ya digrii ya kwanza, kwa wanaoanza upya kuanzia Julai 1, 2026, mingine ikawekewa kikomo. Kama chuo cha serikali kinakuja nusu bei na kina maabara nzuri, mchungaji atanisamehe, apelekwe huko na Jumapili aje kanisani kwenu.

Akiona miaka saba ni mingi kuna fizio msaidizi, PTA, miaka miwili na leseni yake. Kazi ya heshima, ila asidhani ni ngazi ya kwanza ya DPT, kredi zake nyingi hazihamii.

SWALI: Shangazi, mimi nina diploma ya fizio ya Kenya, mchumba yuko Ohio. Nikifika naanza kazi? – Kijana wa Nakuru

JIBU: Hapana kaka. Masomo yako yatapimwa kwanza, shirika la FCCPT ni moja ya wanaofanya hiyo kazi, na yanalinganishwa na ya Marekani, kwa hiyo diploma peke yake itakupa taabu. Waandikie bodi ya Ohio kabla hujakata tiketi. Ukifika na ukishapata kibali cha kufanya kazi unaweza kuanza kama mhudumu wa rehab, ila usijiite fizio popote, hata Facebook, bila leseni ni kosa la kisheria.