Kigari cha gofu cha rezista: kabla hujanunua kontrola soma hapa

Hapa Georgia, Marekani, vigari vya gofu siyo vya wacheza gofu tu, nenda Peachtree City uone, mji una njia za vigari karibu maili 100 na wanafunzi wa sekondari wanaenda navyo shule. Na kwa vile watengenezaji Club Car na E-Z-GO wote wako eneo la Augusta, humuhumu jimboni, vile vya zamani vya volti 36 havikosekani na bei yake siyo mbaya. Basi ndugu zetu wananunua, halafu simu zinaanza, kaka chaji haikai, nifunge kontrola, yaani kile kifaa cha kielektroniki cha kupimia umeme unaokwenda kwenye mota? Mimi natengeneza hivi vitu wikendi, na kabla sijajibu lazima nikuulize kwanza, unakiendeshaje?

Iko hivi. Kwenye vigari vya zamani ukikanyaga pedali kidogo, umeme unapitishwa kwanza kwenye koili za rezista, nyaya zinazopunguza umeme kwa kuugeuza joto, ndo ufike kwenye mota. Ukizidi kukanyaga koili zinarukwa moja moja, ndo maana kinakwenda kwa kushtukashtuka, mpaka ukigusisha chini kabisa rezista zote ziko nje na mota inakula volti 36 zote. Yaani ukikimbia mwisho, rezista hazili kitu. Zinakula ukienda polepole.

Tuseme mota inavuta ampea 100 na wewe uko nusu pedali, mota inapata volti 18. Hapo mota inatumia wati 1800 na koili nazo zinachoma wati 1800 nyingine, joto tupu, kama jiko la umeme umeliwasha chini ya kiti. Kontrola ya kisasa yenyewe inakata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, mota inapata ampea zake 100 zilezile lakini betri inatoa kama 50 na kidogo tu. Na hapo bado sijagusa tabia ya betri za risasi, maana ukizivuta kwa nguvu zinakupa kidogo kuliko kilichoandikwa. Betri ya Trojan T-105 kwa mfano ni 225 Ah (ampea-saa) ukiivuta taratibu kwa saa 20, ila ukivuta ampea 75 inaisha kwa dakika 115 hivi, piga hesabu utaona ni kama 144 Ah tu. Kwa hiyo mwendo wa kunyata unakuumiza mara mbili.

Sasa kama wewe safari zako ni za kukanyaga mpaka chini, nyumbani dukani, kontrola haitakuongezea maili za maana, usidanganywe na wauzaji. Pima betri kwanza, zikiwa zimejaa na zimepumzika betri zote kwa pamoja zisome kama volti 38, halafu pima moja moja maana moja mbovu inatosha kuharibu zote. Jaza upepo tairi, inua gurudumu lizungushe kwa mkono uone kama breki zimekamata, gusa waya baada ya safari, ule wa moto kuliko wenzake kiungo chake kimelegea au kimeliwa na asidi. Mengi yanaishia hapo jamani.

Ila kama kazi yako ni kutambaa, unabeba wazee kanisani, unazunguka bustani, watoto wanarukia nyuma, hapo weka kontrola hata kesho. Kutambaa na rezista kwenyewe ni hatari, nimeshaona majani makavu ya msonobari yamejikusanya kwenye koili yanafuka moshi na mwenye kigari anashangaa harufu inatoka wapi. Na mlimani usishikilie kigari kwa pedali eti kisirudi nyuma, kanyaga breki, maana ukishikilia kwa pedali mota haizunguki na umeme wote unageuka joto.

Ukinunua kontrola hakikisha ni ya mota ya series (ile ambayo koili zake zimeungwa kwa mfuatano, umeme uleule unapita zote), ya volti 36, na uchomoe waya mkuu wa negativu wa betri kabla hujafungua chochote. Kisanduku cha pedali nacho kinabadilika, ule mkono wa shaba wa zamani haufanyi kazi na kontrola, kwa hiyo uliza bei ya vyote kwa pamoja.