Wasomaji wanauliza: Muziki unakatakata nikikimbia

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina saa ya Garmin Forerunner 245 Music na hedifoni ndogo zisizo na waya, zile za vipande viwili. Sebuleni muziki unatoka safi. Nikishika barabara ya kupanda Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) alfajiri, unakatakata kila hatua. Aliyeniuzia anasema saa ndiyo mbovu. Ninunue hedifoni gani?
Msomaji, Iyumbu, Dodoma

JIBU: Kabla hujatoa hela, fahamu kwamba saa yako huenda ni nzima kabisa. Bluetooth hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, na mawimbi hayo humezwa na maji, ambayo mwili wa binadamu umejaa. Sebuleni kuta na dari huyarudisha, yakazunguka mwili na kufika sikioni. Kwenye barabara ya wazi hakuna cha kuyarudisha. Saa ikiwa mkono wa kushoto na kipande kinachopokea kikiwa sikio la kulia, kifua na kichwa chako vyote vimekaa katikati.

Katika hedifoni nyingi za aina hiyo, kipande kimoja hupokea kutoka kwenye saa kisha humpasia mwenzake, na mara nyingi ni cha kulia. Fanya jaribio hili nje, si ndani ya nyumba. Zima Bluetooth ya simu, maana hedifoni hupenda kurukia simu iliyozizoea. Vaa kipande cha kulia peke yake, kimbia mita mia mbili hivi. Rudia kwa cha kushoto. Upande usiokata ndio upande wa kuvalia saa. Ukihamia mkono wa kulia, badilisha na mpangilio wa mkono ndani ya saa. Wengi tatizo lao huishia hapo, bila kununua chochote.

Likiendelea, nunua, lakini usinunue kwa sifa za sauti. Hedifoni zinazotangazwa kwa LDAC, njia ya kutuma sauti ya ubora wa juu kwa Bluetooth, ni ghali, na saa nyingi za michezo hazitumi LDAC, kwa hiyo utalipia kitu usichokitumia. Dodoma tunachohitaji ni kinga ya vumbi. Soma namba ya IP, yaani kipimo cha kinga ya vumbi na maji, kwenye boksi. IPX4 maana yake imepimwa kwa maji ya kurushiwa tu. Hiyo X inasema vumbi halikupimwa. Kwa vumbi la kiangazi chetu tafuta IP55 au zaidi.

Ushauri wetu kwa anayekimbia barabarani ni hedifoni za mfupa, zinazopeleka sauti kwa mtetemo wa mfupa, zinazokaa mbele ya sikio na kuliacha wazi. Shokz OpenRun, kwa mfano, ina IP67 na chaji ya saa 8. Besi yake ni hafifu, na lori likipita hutasikia wimbo, lakini bodaboda inayokuja nyuma utaisikia, na hilo ndilo tunalolijali kuliko besi. Zile za kuziba sikio zina hali ya kuruhusu sauti za nje kupitia maikrofoni, ila upepo wa Dodoma ukipiga maikrofoni hizo utasikia mvumo mtupu.

Jambo moja huua hedifoni nyingi kabla ya wakati: kuzirudisha kwenye kasha zikiwa na jasho. Chumvi hula vile vidoti vya chaji, na baada ya muda upande mmoja haujai tena. Futa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji safi, kausha, acha zipigwe na hewa kwanza ndipo ufunge kasha. Na namba ya IP ni ya hedifoni. Kasha lake mara nyingi halina kinga yoyote.

SWALI: Nina Forerunner 55. Nikipata hedifoni nzuri nitaweza kuacha simu nyumbani?
Msomaji, Kisasa, Dodoma

JIBU: Hapana. Saa hiyo haihifadhi nyimbo; inaongoza tu muziki unaotoka kwenye simu, kwa hiyo hedifoni ziunganishe na simu. Ukitaka kuiacha simu, hakikisha saa yenyewe inahifadhi nyimbo. Katika baadhi ya matoleo, neno Music kwenye jina ndilo linalokuonyesha: 245 Music na 245 ya kawaida ni saa mbili tofauti, na 255 vilevile. Nyimbo za MP3 huingizwa kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Za Spotify hushushwa kwa Wi-Fi, nawe lazima uwe unalipia Premium.

Angalia na chaji. Forerunner 245 Music hufika saa 24 ikiwa na GPS peke yake, lakini GPS na muziki pamoja hushuka hadi saa 6, na hiyo ni betri ikiwa mpya. Anayemaliza marathoni ya kilomita 42.2 kwa saa tano aanze na chaji kamili, la sivyo saa inaweza kuzima kabla ya mstari wa mwisho na kumbukumbu ya mbio ikaishia njiani.