Maswali Yenu: Kumuaga Volontia Anayerudi Kwao

SWALI: Mwalimu wetu wa fizikia ni Mmarekani wa Peace Corps, shirika la volontia la serikali ya Marekani, na anamaliza muda wake. Nimechaguliwa katibu wa kamati ya kumuaga. Tuanzie wapi, na ratiba ipangweje? – Mwalimu, Njombe

JIBU: Mwalimu, kabla ya kuchangisha hata shilingi moja, muulizeni tarehe anayotakiwa kuripoti Dar es Salaam. Msihesabu kwa tarehe ya ndege. Volontia wa Peace Corps hukaa nchini takriban miezi 27, yaani 3 ya mafunzo na 24 ya kazi, na siku za mwisho huishia mjini kwenye vipimo vya afya na makaratasi. Kamati inayohesabu kwa ndege hujikuta imepika pilau na mwenyewe ameshapanda basi. Wekeni hafla siku 7 hadi 10 kabla hajaondoka kituoni, nje ya wiki za mitihani. Ikiwa ni Ijumaa, anzeni saa 8 mchana, swala imekwisha.

Makabidhiano yatangulie sherehe. Funguo za nyumba na maabara, daftari la alama, vifaa vya majaribio na vitabu viandikwe kwa idadi, nakala 3, wasaini anayekabidhi, anayepokea na mkuu wa shule. Likiachwa hadi baada ya sherehe, zoezi hili hufanywa mlangoni mwa gari, na miezi miwili baadaye mnaulizana mizani ya maabara iko wapi.

Ratiba yenyewe: mgeni rasmi akishaketi, sala na dua, utambulisho, risala ya wanafunzi, risala ya walimu, zawadi, neno la anayeagwa, neno la mgeni rasmi, neno la shukrani, chakula. Zingatieni kwamba anayeagwa huzungumza kabla ya mgeni rasmi. Akipangwa baada yake mnavunja itifaki, na mara nyingi mgeni rasmi huwa ameshaomba udhuru na nusu ya watu wamemsindikiza. Mgeni rasmi akichelewa zaidi ya nusu saa, anzeni na burudani za wanafunzi. Msiguse risala.

Risala ndiyo inayoharibu hafla nyingi. Tumezoea risala za mahafali, ambazo humalizia kwa changamoto na maombi: paa la maabara, kompyuta, uzio. Mwondoeni huyu katika desturi hiyo. Alikuja kufundisha, hakuja na mfuko wa fedha, na kumbebesha orodha mbele ya watu siku anayoondoka ni kumfukuza kwa aibu. Risala yenu iwe ukurasa mmoja, dakika 5. Semeni alifika lini, alifundisha vidato vipi, vipindi vingapi kwa wiki, jaribio gani wanafunzi walilifanya kwa mikono yao kwa mara ya kwanza. Takwimu za darasani kwenu zina uzito kuliko sifa kumi za "mchapakazi na mwenye upendo". Ikishasomwa, mkabidhini nakala yenye saini na muhuri, pamoja na tafsiri ya Kiingereza kwa ajili ya wazazi wake. Karatasi hiyo ataitunza kuliko zawadi nyingi.

Chakula cha watu 80: mchele kilo 12 na nyama kilo 12 kwa pilau, na kachumbari. Wapishi na mlinzi wahesabiwe tangu mwanzo, watengewe viti kama wengine.

SWALI: Kijijini tunaye kijana wa Kijapani, volontia aliyeletwa na JICA, shirika la maendeleo la Japani. Tumefikiria kumpa kinyago cha mpingo, kanga, nyama kavu na matunda ya huku kwetu. Vitafika? – Katibu wa kamati, Lushoto

JIBU: Nyama kavu na matunda mabichi yaondoeni. Japani hairuhusu nyama bila cheti cha ukaguzi, na matunda yatazuiwa uwanja wa ndege kwa hofu ya nzi wa matunda. Mbegu na miche nayo ni hivyo hivyo. Badala yake mpeni chai ya Usambara iliyofungwa kiwandani.

Mpingo unapita, lakini kwa kipimo. Tangu 2017 umo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mti huo havidaiwi kibali cha mkataba. Tunzeni risiti, mpeni nayo. Kumbukeni pia kwamba ndege nyingi huruhusu kilo 23 kwa begi, na mpingo ni mzito hata huzama majini. Kinyago cha urefu wa kiganja kinatosha. Sugueni chini yake kwa kitambaa chenye maji kabla ya kulipa: rangi ikitoka, huo ni mti mwepesi uliopakwa kiwi. Msichukue kilichochongwa wiki hii. Mti mbichi hupasuka ukifika kwenye nyumba zenye hita.

Kanga mpeni ya mama yake. Someni jina kabla ya kuvutiwa na rangi, maana mafumbo ya wake wenza hayafai hapa. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" inamfaa msafiri. Kateni doti, kunjeni pindo, na andikeni maana ya jina kwenye kadi, kwa sababu mama yake atauliza. Mkifunga, tumieni karatasi au kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019.

SWALI: Volontia niliyempangisha ana friji na baiskeli. Majirani wananiomba niwasemee. – Mama mwenye nyumba, Morogoro

JIBU: Mama, usimsemee yeyote. Mwambie binti aandike orodha ya vitu vyote: vya kuuza na bei zake, vya kugawa na majina ya wapewaji, na vile ambavyo ni mali ya mwajiri, ambavyo haviuzwi wala kugawiwa. Orodha ibandikwe mlangoni siku 7 kabla, na anayetangulia kulipa apewe kitu siku hiyo hiyo. Friji abaki nalo hadi siku ya mwisho, ila liwe limeshalipiwa.