Mwanafunzi wangu hasemi kitu, niache?

SWALI: Anti shikamoo. Nimejitolea kuwa menta, yani mtu wa kumuongoza na kumshauri, wa kijana mmoja wa sekondari, tunakutana shuleni kila Jumatano baada ya vipindi. Huu mwezi wa pili sasa na majibu ni yaleyale, masomo vipi, poa, unataka kuwa nani baadaye, sijui, nikianza kumshauri anainama anachezea kifuniko cha peni mpaka saa inaisha. Kuna wiki mbili sikwenda, kazi zilinibana, niliporudi ndo akazidi kununa. Juzi tu aliniuliza, nikikwambia kitu utamwambia mwalimu? Nikamwambia siwezi kumwambia mtu, kengele ikalia akaondoka. Naona bora nimwachie mtu mwingine, au nakosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeniandikia kwamba hasemi kitu, halafu mwishoni hapo kwa haraka haraka unanitajia swali zito kuliko yote, mtoto anakupima kama wewe ni mtu wa kuaminika na wewe ndo unafunga virago!

Tuanze na hapo maana hapo umeteleza. Usimuahidi mtoto kwamba hutasema kitu kabla hujajua ni kitu gani, je kama anapigwa, au kuna mtu mzima anamchezea, utakaa nalo? Jumatano hii mwambie wazi, mengi yatabaki kwetu wawili ila nikisikia uko hatarini au unataka kujidhuru lazima nimuone mtu wa kukusaidia, na nitakwambia wewe kwanza kabla sijaenda. Atanuna kidogo, anune tu. Na kabla ya hiyo Jumatano muulize aliyekupangia huyo kijana kwamba jambo kama hilo linapelekwa kwa nani pale shuleni, usije ukaanza kutafuta wakati mtoto kashafunguka mbele yako.

Sasa hilo la kuacha. Marekani walifuatilia vijana zaidi ya 1,000 kwenye mpango wa kujitolea kama huu wako, matokeo yakatoka 2002, waliokaa na menta mwaka mzima au zaidi ndo walionufaika zaidi, ila wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walijiona hawana thamani kuliko mwanzo. Yani bora usingeanza. Wewe una miwili, na zile wiki mbili ulizokata bila taarifa (hujaniambia kama ulimpa taarifa, nadhani hukumpa) kwake zilikuwa mtu mwingine tena kaondoka. Ukibanwa tuma ujumbe kupitia mwalimu, hata wa mstari mmoja.

Na hayo maswali yako jamani, masomo vipi, unataka kuwa nani, hiyo si intavyuu ya kazi? Kaa naye ubavuni badala ya kumkabili uso kwa uso, fanyeni kitu cha mikono, bao, kuchora, kutengeneza redio mbovu, popote penye watu wanaowaona, maneno yatakuja yenyewe mkiwa mmeinamia kazi. Ushauri weka pembeni kwanza. Si anachezea kifuniko cha peni? Mpe karatasi, na wewe chukua yako, uone ataandika au atachora nini.