Barua kwa mwanangu: yule aliyepitiwa na gari la farasi

Mwanangu, hujambo? Nimeona meseji yako, umeangalia ile filamu ya kauboi, Stagecoach ya 1939, unauliza yule Mwapache (Mhindi Mwekundu) anayerukia farasi wa mbele, anapigwa risasi, anaburuzwa halafu gari zima linapita juu yake, ni mdoli au mtu? Ni mtu bwana, tena mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, anaitwa Yakima Canutt. Na John Wayne, stelingi mwenyewe, anaporuka juu ya wale farasi kufuata hatamu ni Canutt yule yule, kabadilisha nguo tu. Sisi kwenye vibanda vya video tulikuwa tunabishana eti stelingi hafi, kumbe anayejitoa mhanga ni mwingine kabisa.

Alikuwa bingwa wa rodeo, yale mashindano ya makauboi ya kupanda farasi wakorofi, kule Pendleton, Oregon, Marekani, miaka ya 20 akawa stelingi wa filamu za kauboi za bei chee, zile za bila sauti. Sasa alipokuwa jeshi la majini aliugua mafua makali yakamharibu koo, sauti ikaharibika. Filamu bubu nani atajua? Zilipoanza kuongea ndo ikawa shida, farasi anawaweza ila akifungua mdomo basi. Akahamia kuanguka kwa niaba ya wenzake.

Usidhani ni ujinga wa kujirusha tu. Pale chini ya gari kwenye Stagecoach kashika ule mti wa katikati ya farasi, kajinyoosha, anaachia, farasi sita wanapita huku na huku, magurudumu nayo hivyo hivyo. Na farasi lazima wakimbie mbio kweli kweli, wakienda taratibu wanayumba wanakukanyaga. Hata ngumi za kukosa zinazoonekana zimempata mtu, yeye na Wayne walizitengeneza sana, siri ni kamera inakaa wapi. Oscar ya heshima wakampa 1967.

Ila kinachonisumbua mimi ni filamu ya Ben-Hur ya 1959. Zile mbio za magari ya farasi, zilizopigwa picha kule Roma, alizisimamia yeye, na badala ya stelingi Charlton Heston akamuweka mwanae wa kumzaa, Joe. Gari likaruka, kijana akarushwa mbele, akang'ang'ania, akatoka na kidevu kimechanika tu, na sini wakaiacha humo humo. Kila nikifika hapo simuangalii Joe, namfikiria baba yake amesimama pembeni anaona.

Wewe ulianguka na bodaboda ya mjomba'ako ukachubuka goti, nikakusema wiki nzima.

Baba'ako