Kulisoma Kanisa Kuanzia Ndani: Ushauri kwa Waongoza Watalii Wapya

Mgeni anayeoneshwa makanisa ya zamani ya Dar es Salaam, Bagamoyo, Zanzibar au Mombasa huuliza mambo mawili kabla ya mengine yote: kanisa hili ni la dhehebu gani, na kwa nini limejengwa hivi. Wengi wenu mnaoanza kazi hii mmekariri mwaka wa ujenzi na jina la askofu aliyeweka jiwe la msingi, mkadhani hayo yanatosha. Nionavyo mimi baada ya kuifanya kazi hii kwa muda mrefu, mwaka husahaulika kabla kundi halijafika kona ya pili, lakini mgeni aliyefundishwa kulitambua kanisa kwa vitu vilivyomo ndani yake huyatambua mengine yote mwenyewe.

Yachukueni makanisa mawili ya Barabara ya Sokoine, Dar es Salaam. La Mtakatifu Yosefu ni kanisa kuu la Jimbo Kuu Katoliki, na Azania Front ni la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Yote mawili yalijengwa na Wajerumani miaka ileile, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi 1902, na yote mawili yana mnara unaoonekana kutoka baharini. Mtu aliyesimama barabarani ataona kwamba mnara wa Mtakatifu Yosefu umechongoka kwa mtindo wa Kigothi, na kwamba Azania Front ina kuta nyeupe na mapaa ya vigae vyekundu. Tofauti hizo ni za wachoraji na mafundi. Hazisemi lolote kuhusu imani ya wanaosali humo.

Ndani ndiko kwenye habari. Katika kanisa la Kikatoliki tafuteni kwanza taa ndogo nyekundu, ambayo kwa kawaida huwaka usiku na mchana karibu na tabenakulo, yaani kisanduku cha kuhifadhia mkate mtakatifu. Wakatoliki wanaamini kwamba mkate uliokwisha kuwekwa wakfu hubaki kuwa mwili wa Kristo hata baada ya Misa, kwa hiyo huhifadhiwa, na taa huwaambia waingiao kwamba upo. Ndiyo sababu mzee atapiga goti mahali ambapo mgeni haoni mtu wala kitu. Kutoka hapo mtaviona vituo 14 vya Njia ya Msalaba kutani, kitubio (mahali pa kuungamia dhambi) pembeni, sanamu ya Bikira Maria na maji ya baraka mlangoni. Kwa Walutheri altare ipo, mishumaa ipo, na hata kitambaa cha kijani au cha zambarau kinachobadilishwa kulingana na majira ya kanisa kipo, jambo linalowachanganya waongozaji wengi wapya. Lakini hamtaona tabenakulo yenye taa, na mimbari imepewa hadhi kubwa, kwa kuwa neno linalohubiriwa ndilo lililowekwa mbele ya watu tangu siku za Martin Luther.

Kanisa la Waanglikana la Mkunazini, Zanzibar, linahitaji muda mrefu zaidi kuliko yote, nami sioni ubaya wa kuligawia nusu ya ziara nzima ya Mji Mkongwe. Lilijengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi liliwekwa mwaka huohuo, siku ya Krismasi. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi mwenyewe, akaezeka kwa kuba refu la mawe ya matumbawe na saruji ambalo wengi walidhani lingeanguka, na leo amezikwa nyuma ya altare. Sakafuni mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe. Kwa mapokeo, hapo ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Humo ndani upo msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa kule Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake moyo wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulizikwa. Msikimbilie nje kwenye sanamu za watumwa waliofungwa minyororo kabla wageni hawajalitazama duara lile, kwa sababu wakishapiga picha za nje, ni shida kuwarudisha.

Mkunazini inafundisha jambo jingine ambalo watu wa fani yetu hulipita haraka mno. Wamisionari wa UMCA (misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati) walioijenga walikuwa Waanglikana waliopenda ibada ya kale: ubani, mavazi ya kikasisi, altare iliyoinuliwa, na Misa ikiitwa Misa. Ndiyo maana kanisa lile, kama mengi ya Kianglikana ya Tanga na Masasi, humfanya mgeni adhani yumo kwa Wakatoliki. Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society, chama cha kimisionari cha Uingereza), walioanzia Mombasa na Rabai kwa mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, walifuata njia ya kawaida zaidi, yenye mapambo machache na mahubiri mengi, na athari yake bado inaonekana Kenya na huko Dodoma. Kwa hiyo mkisema tu kwamba kanisa fulani ni la Kianglikana, mmetoa nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kujua misheni ipi ilifika pale kwanza.

Kanisa Kuu la Waanglikana la Mombasa linaonesha jinsi sura ya nje inavyoweza kudanganya. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kumkumbuka Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, pamoja na wenzake waliofia kazini. Aliyelichora, John Sinclair, ndiye aliyechora pia jumba la makumbusho la Beit el Amani na Mahakama Kuu ya Zanzibar, na mkono wake unatambulika papo hapo: kuba na matao ya Kiarabu. Wageni hulidhania msikiti hadi waone msalaba. Kinyume chake, lile la Wakatoliki la Zanzibar, ambalo wenyeji wanaliita Minara Miwili, lina sura ya Kifaransa tupu, kwa sababu Mapadre wa Roho Mtakatifu walioleta mchoro walikuwa Wafaransa.

Mapadre haohao ndio waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na hapo muwaambie wageni wasitazame kanisa peke yake. Misheni ilikuwa na nyumba ya mapadre, nyumba ya masista, shule, karakana, mashamba, makaburi, na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Bila hivyo kanisa lisingekuwa na waumini wala wajenzi. Mnara wa kanisa la zamani unaitwa Mnara wa Livingstone, kwa kuwa mwili wake ulilazwa hapo Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar.

Kuhusu vyeo vya majengo, ukubwa usiwahadae. Kanisa huwa kanisa kuu kwa sababu askofu ana kiti chake humo, hata likiwa dogo kuliko parokia ya jirani. Basilika ni heshima inayotolewa na Papa: Familia Takatifu ya Nairobi ni basilika na kanisa kuu kwa pamoja, ilhali Namugongo, Uganda, lile la mviringo lenye nguzo 22 kwa ajili ya mashahidi 22 Wakatoliki, ni basilika bila kuwa kiti cha askofu.

Waorthodoksi ni wachache mjini, na alama yao ni ukuta wa picha takatifu unaoitenga altare na waumini. Msiuvuke mlango wake wa katikati hata mkikuta uko wazi. Kwa Wasabato msiende Jumapili, kwani kanisa litakuwa limefungwa. Jumamosi ndiyo siku yao, na hupendelea wageni wakae hadi mwisho badala ya kuchungulia mlangoni. Makanisa ya Kipentekoste waongozaji wengi huyaruka kwa kisingizio kwamba hayana historia, kwa kuwa baadhi yanasalia chini ya turubai au katika ghala lililokodishwa. Mimi naona ni upungufu wa kazi. Jukwaa pana, spika kubwa, kinanda, nafasi ya kuombea watu mbele na dimbwi la kuzamishia wabatizwa vinaeleza ibada yao waziwazi kama vile tabenakulo inavyoeleza ya Wakatoliki. Ombeni ruhusa kwa mchungaji au mzee wa kanisa siku moja kabla, mtaje idadi ya wageni, na mwulize kama picha zinaruhusiwa. Mara nyingi mtapewa viti vya mbele, na mtatakiwa kusimama mjitambulishe.